Maswali ya wasomaji: Buibui wa shimoni anataka udongo, sio mapambo

Mwezi huu barua karibu zote ni za tarantula, wale buibui wakubwa wenye manyoya, tena wale wanaochimba, kwa hiyo nimeona bora niwape ukurasa mzima. Barua ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu naona wengi mna shida ileile, zinazofuata ni fupi.

Swali. Mwalimu shikamoo. Mimi mtu wa Tanga lakini naishi Dortmund huku Ujerumani. Nilienda kwenye yale maonyesho makubwa ya reptilia pale Hamm nikanunua buibui jike, yule mkubwa wa rangi ya kutu wa kule kwetu, aliyeniuzia akasema kazaliwa hukuhuku kwa mfugaji na jina lake Pelinobius muticus. Nimemtafutia sanduku la kioo zuri kweli, refu kwenda juu, chini nimeweka udongo kina cha vidole vinne hivi, mawe, mti wa plastiki, halafu chini ya kioo nimetandika kile kijimkeka cha umeme cha kupasha joto maana huku baridi. Sasa mwezi unaisha, chakula hagusi, mchana kajikunyata kwenye kona, usiku anapandapanda kioo, na nikifungua mfuniko tu ananyanyua miguu ya mbele na kutoa sauti sssss kama nyoka. Anaumwa? Nimrudishe?

Jibu. Marahaba mwanangu, na ahsante kwa picha, nimezitazama vizuri. Haumwi. Tumbo limejaa, miguu yote iko sawa, anasimama vizuri. Kinachomsumbua ni kwamba umemnyima kitu kimoja ambacho kwake ndo maisha yenyewe, udongo wa kuchimba.

Hebu mwangalie tena miguu ya nyuma. Ile miwili ya mwisho ni minene kuliko mingine yote na imepinda kidogo, ukimwona mara ya kwanza unaweza kudhani imevimba, lakini ndivyo jike wa aina hii alivyo na miguu hiyo inaendana na maisha ya kuchimba. Kwao ni nyika za Kenya na Tanzania, sehemu za majani na vichaka ambako jua linapiga udongo wa juu mpaka unapasuka, na yeye anaishi chini huko kwenye shimo alilochimba mwenyewe na kuzungushia nyuzi ukutani. Anatoka usiku mpaka mlangoni tu, anakaa na miguu ya mbele ikigusa ukingo, mdudu akipita karibu anamkwapua na kurudi naye ndani. Jike anaweza kukaa miaka na miaka hivyo bila kwenda mbali na mlango wake. Sasa wewe umemweka juu ya udongo wa vidole vinne, kwenye mwanga, amezungukwa na vioo, halafu unamfungulia mfuniko juu ya kichwa, lazima atoe sauti. Hiyo sauti hatoi mdomoni, anasugua vinyweleo maalumu vilivyo kwenye miguu yake ya mbele, na maana yake ni moja tu, nimekuona, usisogee. Kumbuka kwamba tarantula wa Afrika na Asia hawana zile nywele za kuwasha ambazo wengi wa Amerika wanazipangusa tumboni na kumrushia adui. Huyu kinga yake ni kusimama, kutisha, na ukizidi anauma. Kwa hiyo anapokutisha anakupa nafasi ya kuondoka, mheshimu.

Kwanza kabisa zima huo mkeka wa umeme leo usiku, kabla hujamaliza hata kusoma. Hili ni kosa ambalo naliona sana na linaua. Buibui wa shimoni akihisi joto kali au ukavu anafanya kile ambacho babu zake wote walifanya, anachimba kwenda chini, kwa sababu porini kadiri unavyoshuka ndivyo kunavyokuwa na ubaridi na unyevu. Ukiweka joto chini umemgeuzia dunia, anakimbia joto anaelekea palipo na joto zaidi, na udongo wa chini unakauka kabla ya ule wa juu. Chumba cha kawaida chenye nyuzi 22 hadi 28 kinamtosha kabisa. Kama chumba chako kinashuka sana wakati wa baridi, pasha chumba chenyewe, au ukishindwa weka mkeka pembeni, nje ya ukuta mmoja, sehemu ya juu, na uunganishe na kile kifaa cha kudhibiti joto ili joto lisipande hovyo. Chini kamwe.

La pili ni huo urefu. Sanduku refu kwenda juu ni la tarantula wa mitini. Huyu ni mzito, tumbo lake ni laini na ngozi yake nyembamba, akipanda kioo akaanguka hata kutoka kimo ambacho wewe unakiona kidogo tumbo linaweza kupasuka na hapo hamna daktari. Kanuni wanayotumia wafugaji ni kwamba kutoka juu ya udongo mpaka kwenye mfuniko kusizidi mara moja na nusu ya upana wa buibui akiwa ametandaza miguu. Wako kwenye picha naona kama sentimita 12, basi 18 zinatosha. Lakini huna haja ya kununua sanduku jingine! Hilohilo refu lijaze udongo. Yaani ule urefu ulioununua kwa bahati ndo utakuwa kina cha shimo lake.

Kina gani? Kwa jike anayekua, sentimita 20 ni chini kabisa, mi napenda 30 na ukiweza kuzidisha zidisha. Fanya hesabu kabla, sanduku la sentimita 40 kwa 30 likijazwa kina cha 30 ni lita 36 za udongo, ukishindilia ukiwa na unyevu unapata kilo 40 na kuendelea, kwa hiyo chagua kwanza meza imara na sehemu ambayo hutalihamisha tena, ndo ujaze. Wengine wanajaza jikoni halafu wanataka kubeba kwenda chumbani, kioo kinapasukia njiani.

Kuhusu udongo wenyewe usihangaike na vifurushi vya bei mbaya vyenye picha za mijusi. Chukua udongo wa juu wa kawaida usio na mbolea wala dawa, hili la mbolea na dawa soma maandishi kwenye mfuko mpaka mwisho, changanya na kokopiti, ile pumba ya makumbi ya nazi inayouzwa kama matofali, halafu ongeza mchanga kidogo na udongo wa mfinyanzi kidogo ili ushikane. Kokopiti tupu ni nyepesi mno, akichimba inamwagikia. Loweka kiasi kwamba ukifumba kiganjani linabaki donge lakini maji hayachuruziki. Weka tabaka la sentimita 5, shindilia kwa ngumi au kwa kipande cha mbao mpaka pawe pagumu kweli, kisha tabaka jingine, shindilia tena, hivyohivyo mpaka juu. Watu wanaogopa kushindilia wakidhani watamchosha buibui, la hasha, udongo mgumu ndo unaoshika umbo la shimo, ule mlaini ndo unaomfukia. Mawe mazito yatoe yote, maana akichimba chini ya jiwe likashuka litamponda. Mti wa plastiki mi sina ugomvi nao ila haumsaidii chochote, ni wa kwako wewe.

Kabla hujaanza kushindilia, simamisha mrija wa plastiki kwenye kona moja ukifika karibu na chini. Huo ndo mlango wa maji. Kila baada ya wiki chache unamimina maji kidogo kupitia mrija, yanalowesha chini, juu panabaki pakavu, na hivyo ndivyo nyika ilivyo hata wakati wa kiangazi. Kupuliza maji juu kila siku kama watu wanaomwagilia maua ni kazi bure, unapata ukungu juu na ukavu chini. Weka pia kisahani kifupi cha maji safi, bila sifongo ndani, ile sifongo ni nyumba ya vijidudu tu. Matundu ya hewa yawe pembeni au kwenye mfuniko, yale ya kutoboa, sio wavu wa waya kwa sababu kucha zake zinanasa kwenye wavu na anaweza kupoteza mguu akijinasua. Na mfuniko ufungwe kwa kitasa au klipu, tarantula ana nguvu kuliko unavyofikiria.

Halafu mwanzishie shimo. Chukua kijiti kinene kama upana wa mwili wake, kichomeke kwa mshazari pembeni ya ukuta mpaka sentimita 10 hivi, zungusha, chomoa, na juu ya mdomo weka kipande cha gamba la mti kama kibaraza. Wengi wanaingia usiku uleule na kuendelea wenyewe, wengine wanakataa la kwako na kuchimba la kwao kona nyingine, yote sawa.

Kumhamisha ndo pagumu kwa hiyo nisikilize vizuri hapa. Usitumie mkono, usitumie glovu nene ambayo huhisi kitu. Weka lile sanduku lake ndani ya beseni kubwa lenye kuta ndefu, au fanya kazi hii bafuni ukiwa umeziba tundu la maji sakafuni. Mfunike taratibu na kopo la plastiki linaloonyesha, pitisha karatasi ngumu chini, mbebe, weka kopo juu ya shimo jipya, toa karatasi na subiri. Ukitaka kumsogeza tumia brashi laini ndefu nyuma ya miguu, kugusa tu. Akisimama kutisha, acha, kanywe chai urudi.

Sasa kitakachofuata ndicho kitakachokutia hofu upya, ndo maana nakwambia mapema. Atachimba siku kadhaa utaona vifusi vya udongo mlangoni, halafu utaacha kumwona. Unaweza kukaa wiki usione hata unyayo. Anaweza hata kuziba mdomo wa shimo kabisa kwa udongo na nyuzi, na akiziba anaweza kukaa miezi, mara nyingi ni kwamba anajiandaa kujivua gamba. Usimchimbue! Usimchimbue kabisa. Ukimchimbua akiwa kwenye kujivua gamba ngozi yake mpya ni laini kama utando wa yai na unaweza kumuua kwa kumgusa tu. Kazi yako wakati huo ni kuhakikisha maji yapo kwenye kisahani na unyevu upo chini, basi. Kutoonekana ndo dalili kwamba amepapenda.

Chakula atakula akishatulia. Kwa ukubwa wake nyenje mmoja au mende wa kufugwa kila siku 7 hadi 10 yanatosha, akiwa mtu mzima hata kila wiki mbili. Mwangushe karibu na mlango jioni, asubuhi asipokuwa ameliwa mtoe. Usimpe panzi wa kuokota nje, huko Ulaya na hata kwetu hujui shamba gani limepigwa dawa.

Utakutana na maandishi ya zamani yakimwita Citharischius crawshayi. Ni huyohuyo. Karsch ndiye aliyempa jina la Pelinobius muticus mwaka 1885, Pocock akaja 1900 akaelezea kwa jina hilo jingine, na mwaka 2010 ikaonekana ni kitu kimoja kwa hiyo lile la kwanza likabaki. Baadhi ya wauzaji bado wanatumia la zamani, soma yote mawili.

Na umesema umrudishe. Mi naomba usimrudishe, ila jua ulichochukua. Anakua polepole mno, na jike anaweza kuishi miaka zaidi ya 20. Kule Australia Magharibi kulikuwa na buibui jike wa shimoni, sio tarantula bali ndugu zao wale wanaojenga mlango wa kufunika shimo, mtafiti Barbara York Main alianza kufuatilia kundi lao mwaka 1974 na huyu aliandikwa kama namba 16, mwaka 2016 shimo lake likakutwa limeharibika naye hayupo, akahesabiwa kuwa amekufa akiwa na miaka 43, na maisha yote hayo alikaa kwenye shimo lilelile moja. Sitaki kukwambia wako atafika huko, nataka tu uelewe shimo ni nini kwa viumbe hawa. Anayetaka mnyama wa kuonyesha wageni sebuleni anunue samaki.

Swali. Habari mwalimu. Mimi niko Voi. Kwa shamba ya babu yangu kuna mashimo mengi ya hao buibui wakubwa, tunayajua tangu tukiwa wadogo, tulikuwa tunaingiza nyasi ndani wanaivuta. Sasa kuna jamaa amekuja anasema atanunua kila mmoja elfu mbili, anapeleka ng'ambo. Mimi pia nataka kubaki na mmoja nimfuge kwa ndoo. Kuna shida?

Jibu. Iko shida, tena kubwa, na nafurahi umeuliza kabla hujachukua jembe.

Anza na sheria. Kenya huwezi kukamata, kufuga wala kuuza mnyamapori bila kibali cha KWS, lile shirika la serikali la wanyamapori, na usidhani sheria inahusu ndovu na faru peke yao. Mwaka 2025 mwezi wa Aprili vijana wawili kutoka Ubelgiji walikamatwa Naivasha na sisimizi karibu 5,000, sisimizi tu, malkia wamewekwa kwenye vichupa vyenye pamba, na mwezi wa Mei mahakama ya JKIA, ile ya uwanja wa ndege wa Nairobi, ikawapiga wao na wenzao wawili faini ya shilingi milioni moja kila mtu au miezi 12 jela. Mmoja kati ya hao wanne alikuwa Mkenya. Hiyo elfu mbili ya jamaa yako ipime na hiyo milioni. Na kama anakwambia atawavusha mpaka waende kupitia Tanzania, huko nako usafirishaji wa wanyamapori hai ulipigwa marufuku tangu 2016.

Lakini hata sheria ingekuwa haipo ningekukataza. Jike mkubwa unayemwona mlangoni usiku ana umri mrefu, pengine alianza shimo lake kabla wewe hujaanza shule. Ukimtoa hawezi kurejeshwa na mwaka mmoja wala miwili, na anayechimba kwa jembe anaharibu shimo zima. Wengi wa wanaochimbuliwa wanafika huko ng'ambo wamekauka, wana minyoo au vijidudu, wanakufa kabla hawajala mara mbili. Mfugaji anayejiheshimu siku hizi ananunua aliyezaliwa kwenye ufugaji, kama yule wa Dortmund hapo juu, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Wewe una bahati ambayo hao wote wanailipia. Nenda usiku na tochi yenye mwanga mwekundu, au funga karatasi nyekundu ya plastiki kwenye tochi ya simu, mwanga huo hauwasumbui sana. Kaa mbali kidogo, usikanyage kwa nguvu maana wanahisi mtikisiko kupitia nyuzi za mlangoni. Chora ramani ya shamba, kila shimo lipe namba, andika mdomo una upana gani, limefunguliwa au limezibwa, mvua ilinyesha lini. Mvua zikianza kuwa za uhakika utaona pia madume, wadogo zaidi na wembamba, wanatembea hovyo usiku kutafuta majike, na hao baada ya kukomaa hawana maisha marefu. Ukifanya hivyo misimu miwili mitatu utakuwa na kitu ambacho watu wa makumbusho ya taifa pale Nairobi watakaa chini wakusikilize. Lile daftari niandikie, nitalitolea ukurasa hapa. Na babu mwambie asilime upande ule wenye mashimo mengi kama anaweza, hata nusu eka tu.

Ile ya kuingiza nyasi, acheni watoto waione mara moja moja sio kila siku, kila akitoka bure anapoteza nguvu.

Swali. Mwalimu, salaam kutoka Toronto. Kijana wangu wa miaka 12 ana tarantula wa Asia wa bluu anayechimba, Cyriopagopus lividus, na ameona video watu wanashika buibui mkononi. Anataka na yeye. Nimruhusu?

Jibu. Hapana mama. Huyo wa bluu ni mwepesi kama radi na ana hasira za kujilinda, na hana faida yoyote ya kushikwa, hazoei mkono wala hamjui mwenyewe. Hakuna kifo cha mtu kilichothibitishwa kutokana na sumu ya tarantula, lakini wa Afrika na Asia maumivu yao ni makali na watu wameripoti misuli kukaza kwa siku kadhaa, na kwa mtoto hatutaki kujaribu. Pia fikiria upande wa buibui, akishtuka mkononi anaruka, akidondoka sakafuni tumbo linapasuka. Mnunulie kijana kibano kirefu cha sentimita 30 na daftari, awe yeye ndiye anayelisha na kuandika tarehe, wewe ukiwa pembeni. Mtoto anayependa viumbe kiasi hicho usimvunje moyo, mwelekeze tu. Aking'atwa kwa bahati mbaya, osha kwa maji na sabuni, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na mpeleke hospitali.

Swali. Mwalimu niko Leeds nakuandikia mikono inatetemeka, Pterinochilus murinus wangu mdogo yule wa rangi ya chungwa nimemkuta kalala chali juu ya utando wake, miguu juu, hatikisiki. Amekufa??

Jibu. Hajafa, na barua ikishafika kwako atakuwa ameshamaliza. Tarantula anayekufa mara nyingi anabaki amesimama kifudifudi na miguu inajikunja chini ya mwili. Anayelala chali miguu ikiwa wazi anajivua gamba, na kwa mdogo ni kazi ya saa moja au chache. Wakati huo usimguse, usimgeuze, usimpulizie maji. Kama kuna nyenje ndani mtoe haraka ukiweza bila kutikisa sanduku, kwa sababu nyenje mwenye njaa anaweza kumtafuna buibui aliye laini.

Akimaliza chonge zake zitakuwa nyeupe, halafu nyekundu, halafu nyeusi. Usimlishe mpaka ziwe nyeusi kabisa, kwa saizi yake ni kama wiki moja hadi siku 10, jike mkubwa anahitaji zaidi. Maji yawepo muda wote. Na lile gamba usilitupe, litoe kwa kibano akishaondoka juu yake, lilainishe kwa maji yenye tone la sabuni, likunjue sehemu ya tumbo polepole kwa kijiti cha meno. Tazama upande wa ndani, katikati ya yale mabaka manne meupe ambayo ndo mapafu, kwenye mstari wa yale mawili ya mbele. Jike ana kimfuko pale cha kuhifadhia mbegu za dume, dume hana. Akiwa mdogo sana hutaona vizuri hata kwa lenzi, basi hifadhi na la mara ijayo pia. Piga picha ukiwa umeweka taa nyuma yake unitumie tuangalie.